Gari ya mawese: tulipiga makofi mbele ya kupiga hesabu



Wengi wenu mulikuwa pale siku wadogo zetu wa enjeniere walionyesha gari yao inayotembea na mafuta ya mawese. Ni Hilux ya zamani, rangi imekwisha, lakini motere bado nzima. Ilizunguka kiwanja mara mbili, saa tano ya mchana, jua likiwaka, na nyuma yake harufu kama ya mama anayekaanga mandazi. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Kisha niliomba TFC yao, nikaisoma yote mara mbili, nikaenda kuongea na vijana wenyewe na fundi aliyewasaidia.

Leo ninaandika juu ya ile kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi ya mwanafunzi iliyofanywa na mikono inastahili msomaji mwenye kuisoma kweli. Ya pili, chama chetu kinaombwa mchango kwa awamu ya pili ya mradi, na awamu ya pili ni kuweka mafuta ile katika gari ya kituo cha afya. Hapo njo nilianza kukosa usingizi. Sitataja shule wala majina. Wanaojua wanajua, na wasiojua hawapotezi kitu.

Nianze na mazuri, maana yako. Hawa vijana hawakununua mashine. Walichukua pipa la chuma, wakaweka rezistansi ya kupasha moto, bomba la kuchanganya na termometa, wakatengeneza litra 20 za biodizeli fasi hakuna laboratware ya maana. Wakati stima ilikatika katikati ya kazi, waliendelea na makaa. Waliosha mafuta na maji mara tatu, wakaiacha itulie. Sura yao juu ya namna ya kutengeneza ni ya wazi kabisa: mafuta inapashwa hadi karibu digrii 60, metanole inachanganywa na soda kostike pembeni, kisha vyote vinakorogwa pamoja karibu saa moja, glisereni inashuka chini. Mama yeyote anayepika sabuni angeweza kuifuata. Ninawapa alama nzuri kwa hiyo.

Sasa tuingie kwenye yale yanayonisumbua.

Kichwa cha TFC kinasema wamebadilisha gari itumie biodizeli. Lakini ukisoma vizuri, katika gari hawakubadilisha kitu zaidi ya filtre mpya na mipira miwili ya mafuta. Kilichobadilishwa ni mafuta yenyewe. Mtu anaweza kusema ni neno tu. Hapana, kuna njia mbili tofauti hapa na wao wanazichanganya. Mafuta ya mawese kama tunavyoinunua sokoni iko nzito kupita mazuti karibu mara 10. Ukiitia hivyo katika motere, enjektere haziwezi kuirusha vizuri, inaacha makaa ndani. Kwa hiyo unachagua: ao unabadilisha gari, unaweka rezervuari ya pili na kitu cha kupasha mafuta mbele ya pompe, unawasha na mazuti kisha unahamia kwa mafuta, ao unabadilisha mafuta kwa metanole mpaka inakuwa nyepesi karibu kama mazuti, na gari inabaki vile ilivyo. Wanafunzi wa Dartmouth kule Marekani, na basi lao la Big Green Bus kuanzia 2005, walifuata njia ya kwanza. Wadogo zetu walifuata ya pili, lakini katika sura ya kwanza wanatoa mifano ya wale wa njia ya kwanza na wanajilinganisha nao. Zhuri haikuuliza.

Na mifano ile ya Marekani ina shida nyingine. Kule wanafunzi waliokota mafuta iliyokwisha kutumika katika restora, mafuta ambayo mwenye restora alitafuta fasi ya kuitupa. TFC inasema na sisi tutafanya vile. Nawauliza: ni nani katika mji wetu amekwisha kuona mafuta ya kutupa? Mama wa mandazi anatumia mafuta yake leo, kesho anaongeza kidogo juu yake, na ile inayobaki chini anapikia nyumbani. Kwetu mafuta ya kutupwa haiko. Ndiyo maana litra 20 zao walizinunua sokoni, bidoni mpya, bei ya watu wote. Hilo liko katika ukurasa wa bajeti, lakini katika hitimisho limepotea.

Jambo la tatu ni baridi, na hapa ninaomba munisikilize vizuri, kwa sababu ya ile gari ya kituo cha afya.

Tunaishi Butembo, zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari. Sisi wote tunajua bidoni ya mawese inakuwaje asubuhi: imeganda, unaiweka karibu na moto mbele ya kumimina. Biodizeli inayotoka katika mawese inarithi tabia ya mama yake. Haigandi haraka kama mafuta yenyewe, lakini kati ya digrii 16 na 13 hivi inaanza kuwa na mawingu, yaani vipande vidogo vya nta vinatokea ndani yake, na vile vipande njo vinafunga filtre. Usiku wetu unashuka hapo bila shida. Onyesho lilifanywa saa tano ya mchana.

Niliuliza fundi: gari ililala wapi siku ile? Akacheka. Ililala palepale kiwanjani, na mafuta ndani. Asubuhi ilikataa kuwaka. Alifungua filtre, akakuta kitu cheupe kama margarini. Waliisukuma, wakaosha filtre, wakaweka mazuti, ikawaka.

Bandugu, hilo njo lilikuwa tokeo kubwa kuliko yote ya ile kazi. Haliko katika TFC. Nilitafuta sana, hata katika viambatisho. Nilipowauliza wale vijana, mmoja wao alinijibu kwa heshima: "Kaka, tungeandika hivyo, wangetupatia alama gani?"

Sikuwa na jibu, na ninawaambia kwa nini. Katika memoare yangu ya lisansi nilikuwa na shamba la majaribio la mihogo, bloku nne. Mbuzi waliingia katika moja. Nilipaswa kuandika: bloku ya nne iliharibiwa na mbuzi, na hesabu ni ya bloku tatu. Niliandika tu kwamba jaribio lilikuwa na bloku tatu. Hakuna aliyekufa, nilipata distinksio. Lakini mwanafunzi aliyekuja nyuma yangu alilima palepale, bila uzio, na mbuzi wakaingia tena. Kwa hiyo simhukumu yule kijana. Ninasema tu kwamba mimi na yeye tumefanya kosa moja, na lake linaweza kuzaa mabaya kuliko langu. Mwanamke anayeshikwa na uchungu saa tisa ya usiku hawezi kungojea jua lipande ili filtre ifunguke.

Jambo la nne ni la fani yangu. TFC inaandika "mafuta ya mawese" kama vile mafuta yote ni moja. Siyo moja. Ngazi ikisha kukatwa, asidi inaanza kupanda katika matunda. Katika vijiji vyetu watu wanaacha mikungu siku kadhaa ili matunda yaachie yenyewe, kisha wanapika wakati wamepata kuni na watu. Siku zile zote mafuta inaharibika polepole ndani ya tunda. Kwa sombe haina shida kubwa. Kwa biodizeli ni shida kabisa, maana soda kostike inakutana na ile asidi mbele ya kukutana na mafuta, na pamoja zinatengeneza sabuni. Ukitumia soda peke yake, inafaa asidi iwe asilimia 1 ao 2 hivi. Mafuta ya kijijini mara nyingi inapita 5. Vijana wanalalamika katika ukurasa mmoja kwamba kwenye jaribio lao la kwanza povu lilijaa na vitu havikutengana. Walifikiri ni soda mbaya. Walikuwa wanapika sabuni. Jaribio la pili lilifaulu kwa sababu, bila kujua, walinunua bidoni nyingine, labda ya ngazi iliyopikwa mapema. Kupima asidi kunahitaji pombe safi, soda kidogo, tone la fenoloftaleini na dakika kumi. Kama wangemwita mwanafunzi mmoja wa agronomia ao wa kemia, wangejua. Kila idara inajifungia chumbani mwake, na sisi wa agronomia hatukugonga mlango pia.

Jambo la tano, metanole. Hitimisho lao linasema mradi huu utaondolea nchi utumwa wa mazuti ya nje. Neno tamu. Lakini kwa kila litra ya mafuta unahitaji karibu moja ya tano ya litra ya metanole. Metanole ile inatoka wapi? Inatoka nje, inapita Kasindi kama mazuti. Soda kostike vilevile. Na tusisahau kwamba metanole ni sumu: inapita katika ngozi, inapofusha macho, inaua. Katika picha za TFC wanaichanganya bila glavu. Mtu mwingine atasema tutumie lotoko yetu. Lotoko iko na maji mingi, na maji inaua ile kazi. Ungehitaji kuikausha kabisa, na hiyo ni mashine nyingine, makuta mengine.

Sasa nipige hesabu ambayo TFC haikupiga. Tuchukue pikapu moja inayoenda Beni na kurudi, kilometa karibu 110, siku 300 kwa mwaka. Ikikula litra 12 kwa kilometa 100, ni karibu litra 4,000 za mazuti. Biodizeli ina nguvu kidogo chini kwa kila litra, karibu asilimia 8, kwa hiyo tuseme litra 4,300. Kwa kuzipata unahitaji karibu tani 4 za mafuta ya mawese, zaidi ya litra 850 za metanole, na karibu kilo 40 za soda. Mitende ya kijiji, iliyozeeka na bila mbolea, inatoa tani 1 kwa hekta kwa mwaka ao chini ya hapo. Kwa hiyo pikapu moja inakula hekta 4. Kama familia moja inapika na litra 1 kwa wiki, ile mafuta ni ya familia zaidi ya 80. Shamba zuri la tenera, lenye mbolea na watu wa kulitunza, linaweza kutoa tani 4, na hapo hekta 1 inatosha.

Neno tenera linanileta kwenye kitu kilichoniuma zaidi katika ile TFC. Sura yao ya historia ina kurasa sita. Wanamtaja Rudolf Diesel, na motere iliyotembea na mafuta ya karanga katika maonyesho ya Paris mwaka 1900. Vizuri. Kisha wanaruka hadi Ujerumani na Marekani za siku zetu. Wamerukia nchi yao wenyewe!

Tarehe 31 Agosti 1937, profesa G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hati ya uvumbuzi ya Ubelgiji, namba 422,877, juu ya namna ya kubadilisha mafuta ya mimea kuwa mafuta ya motere. Mwaka uliofuata, 1938, basi la abiria kati ya Brussels na Louvain lilitembea na mafuta ya namna hiyo, na mafuta yenyewe ilikuwa ya mawese, iliyotengenezwa na etanole. Mwaka 1942 habari yote ikachapwa katika Bulletin Agricole du Congo Belge. Mumesikia? Katika jarida la kilimo la Kongo. Miaka ileile, kule Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera, ngazi yenye nyama mingi na ganda jembamba, ni mtoto wa dura na pisifera. Walichapa kazi yao mwaka 1941. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yamesimama juu ya ule ujuzi. Na leo Kongo inaagiza mafuta ya kupikia toka nje.

Sisemi hayo ili tulie juu ya wakoloni. Wakati ule mafuta ilitoka katika mikono ya watu waliolazimishwa, na faida haikubaki kwao. Ninasema kwa sababu mwanafunzi wa Kongo anayetengeneza biodizeli ya mawese haanzi na video ya Marekani. Anaanza na kazi iliyofanywa zaidi ya miaka 80 iliyopita juu ya mafuta ya kwao, na swali lake linapaswa kuwa: kwa nini haikuendelea? Jibu moja ni lile la hekta na bei. Wakati vita vinakata njia ya mazuti, watu wanakumbuka mawese. Vita vikiisha, mazuti inakuwa tena rahisi, na mafuta inarudi katika chungu na katika sabuni. Swali hilo moja lingeipa ile TFC uti wa mgongo.

Basi tufanye nini? Sisemi mradi uachwe. Ninasema mambo matatu.

Kwanza, gari ya kituo cha afya itolewe katika mradi. Bila majadiliano. Gari ile ibaki na mazuti safi mpaka mafuta ile imejaribiwa miezi mingi katika gari isiyobeba mgonjwa. Tena mujue biodizeli inaosha uchafu wa zamani katika rezervuari na kuupeleka kwenye filtre, na inalegeza mipira ya zamani. Hata bila baridi, wiki za kwanza ni za kusimama njiani.

Pili, mradi ushuke kwenye joto, fasi ngazi iko. Upande wa Beni, kwenye vijiji vya ngazi, kuna motere za mazuti zinazokaa fasi moja: za kusaga mihogo, za kukamua mafuta. Pale hakuna baridi kama yetu. Mafuta iko karibu na unaweza kuipika siku ileile ngazi imekatwa, asidi ikiwa bado chini. Motere ikizimika, mtu anangojea unga, hafi. Waanze na kuchanganya biodizeli kidogo katika mazuti, sehemu 1 kwa 9, kisha 2 kwa 8. Hata ile kazi ya 1942 ilikwisha kuona kwamba vitu hivi vinachanganyika vizuri. Na glisereni, karibu kilo 10 kwa kila kilo 100 za mafuta, isitupwe mtoni kama walivyofanya. Kwanza ipashwe moto mahali pa wazi, mbali na watu, metanole iliyobaki itoke, kisha wamama wa sabuni wataipokea. Kama bei ya litra ya mafuta kijijini, pamoja na metanole na soda, inapita bei ya litra ya mazuti iliyofika kijijini, basi waandike hivyo na waache. Hilo nalo ni tokeo.

Tatu, mchango wetu tuutoe, lakini kwa sharti. Kila pipa litakalopikwa liwe na ukurasa wake katika daftari: mafuta ilitoka wapi, ngazi ilikatwa lini, asidi ilikuwa ngapi, povu lilijaa ao halikujaa. Wafanye ile pima rahisi ya mililita 3 za biodizeli katika mililita 27 za metanole: kama kuna mafuta inayobaki chini, haijaiva. Na usiku mmoja, chupa moja ilale nje na termometa pembeni, mtu aamke saa kumi na moja aangalie. Hiyo inalipishwa bei gani? Ni bei ya kukosa usingizi. Daftari lile njo tutakaloomba mbele ya kutoa makuta mengine, na lisomwe na watu wa enjeniere, wa kemia na wa agronomia pamoja.

Nimewaonyesha wale vijana maneno haya mbele ya kuyaweka hapa. Mmoja alikasirika, na ninamuelewa. Yule mwingine, yule wa alama, aliniomba namba ya mtu mwenye ngazi upande wa Beni. Alisema pia wataongeza ukurasa mmoja katika nakala ya TFC iliyo katika biblioteki, ukurasa wa asubuhi ile na filtre.

Na mimi nimekwisha kuandikia fakilte yangu juu ya mbuzi.